Nyumba Isikose Mtu

Ifakara, mtaa wa Uhindini
14 Septemba 1997

Mke mdogo Violeth,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema, maana ninyi mkishapata kazi ya kukalia kiti kinachozunguka huko Dar es Salaam, adabu inazunguka nacho. Mimi mumeo ni mzima. Meno tu ndiyo yanahama moja moja bila kuaga. Mke mwenzako Balbina naye ni mzima, isipokuwa ule mguu wake, siku hizi unavimba kama umemeza mguu wa jirani. Anakusalimu. Anasema babu asiyemwita mjukuu wake mke ni babu aliyekwisha kufa, kwa hiyo ananiruhusu, ila nisizidishe.

Haya. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa kodi, wamebeba karatasi na gundi. Sikujua serikali inanunua gundi nzuri hivi, maana nimeikwangua karatasi ile kwa kisu, kwa maji ya moto na kwa matusi, haijatoka mlangoni. Inasema nyumba hii inadaiwa kodi ya majengo ya tangu wewe ulipokuwa bado unatambaa barazani. Tusipolipa, ikifika Juni inapigwa mnada.

Nikawauliza, "Vijana, mnataka niwalipe na nini, na mpunga au na meno?" Mmoja akacheka. Mwenzake hakucheka, huyo atafika mbali kazini.

Violeth, unaijua nyumba hii. Mhindi aliijenga, lakini tofali zake alizichoma baba yangu, na nguzo za barazani ni za mvule, alizileta yeye kwa kuziburuta. Mhindi alipoondoka aliniuzia kwa bei ya urafiki, akalia pale mlangoni. Hapa ndipo mama yako alipozaliwa na ndipo alipofia, tukamzika kitanda chake kikiwa bado cha moto. Bibi yako anasema akitolewa humu atatolewa akiwa amelala.

Wewe unapiga chapa kwenye ofisi ya majengo ya zamani. Hebu waulize wakubwa zako, mtu mwenye nyumba ya zamani na mke wa zamani hapati nafuu yoyote?

Mimi mumeo, darasa la nne la misheni (la tano walinifukuza kwa kumwigiza Padre anavyopiga chafya),
Pantaleo

*

Dar es Salaam
3 Oktoba 1997

Mume wangu mzee, shikamoo. Na Bibi, shikamoo sana.

Barua yako niliisomea ofisini, nikacheka mpaka bosi akatoka kuangalia. Halafu nikaisoma tena nyumbani, sikucheka.

Babu, nafuu ipo. Ofisi yetu imeanza mpango wa majaribio. Mtu mwenye jengo la zamani akilikarabati mpaka lirudi kama lilivyojengwa, anafutiwa kodi ya nyuma yote, na kwa miaka kumi halipi kitu. Barua za mpango huu ninazipiga mimi mwenyewe, lakini mpaka ulipouliza sikuwahi kufikiria kwamba nyumba yetu ni jengo la zamani. Kwangu ilikuwa nyumba ya Bibi tu.

Masharti ni haya. Lipu yote ya saruji uliyoipaka miaka ile itolewe, ukuta upakwe chokaa kama zamani. Saruji isitumike popote, hata kijiko. Mbao za baraza zibaki zilezile. Na jengo liwe linakaliwa na watu, lisiwe gofu lililotelekezwa. Mkaguzi anaitwa Bwana Elineema, ni mtu mpole lakini akishaandika kitu hafuti. Atakuja kabla ya Krismasi.

Chokaa nitaituma kwa treni, ukaifuate stesheni. Nimeshapunguziwa bei na fundi mmoja wa Ilala. Usiniulize nimelipa nini, umezoea kuuliza.

Bibi, mguu uoneshe hospitali. Usimsikilize mumeo na dawa zake za mizizi.

Mjukuu wenu na mke mdogo,
Violeth

*

Ifakara
2 Novemba 1997

Mke mdogo,

Chokaa imefika. Stesheni waliniuliza, "Mzee, unga wa wapi huu mweupe hivi?" Nikawaambia ni unga wa ubatizo, mke wangu mdogo kanitumia nizaliwe upya.

Nimeizamisha shimoni kama alivyonifundisha marehemu baba. Unaimwagia maji, inachemka bila moto, inatukana, inarusha mate, halafu inalala. Baba alikuwa anasema chokaa ni kama mwanamke aliyeudhika, usiiguse mpaka ipoe yenyewe. Nilipomwambia bibi yako hivyo alinitupia ndara. Alikuwa anaupumzisha mguu, kwa hiyo ndara alikuwa nayo mkononi.

Lipu tumeibandua yote. Mimi na patasi, na Fulgensi katekista anapokuwa hana maiti wala ndoa. Mbele nyumba imependeza, Violeth. Zile tofali nyekundu zimetokea, na juu ya mlango pana alama ya kiganja cha baba, aliibonyeza tofali ikiwa mbichi. Sikuwahi kuijua miaka yote hii. Nimeweka kiganja changu juu yake. Cha kwake kikubwa.

Nyuma ndiko sikupendezwa nako. Ukuta wa chumba cha nyuma tofali zake ni laini, ukikwangua zinadondoka kama mkate wa juzi. Nadhani kuni zililowa siku alipozichoma. Bibi yako anasema ile saruji ilikuwa mkanda wa suruali ya mtu mwembamba, na mimi nimeuvua mbele za watu. Nimempaka chokaa nzito huyo mwembamba. Tutaona.

Mvua zimeanza mapema na kwa hasira. Redioni wanasema zina jina la Kizungu. Mwisho wa mwezi huu tunahamia shamba kule Mofu, kwa ndugu yangu Polikarpo, kama kila mtu.

Mumeo,
Pantaleo

*

Dar es Salaam
11 Desemba 1997

Shikamoo Babu.

Leo sitanii, nisamehe.

Bwana Elineema alikuja Ifakara wiki iliyopita. Amekuta kufuli. Anasema hata mtaa mzima ulikuwa makufuli, kuku hakuna, moshi hakuna, mbwa mmoja tu amelala katikati ya barabara. Ameandika kwenye ripoti: "Ukarabati ni mzuri. Jengo limetelekezwa."

Kosa ni langu. Mimi mtoto wa Ifakara nimesahau kumwambia kwamba msimu wa mpunga watu wote wanahamia mashambani mpaka wavune. Nimemweleza, na mbele yake nimelia, jambo ambalo sipendi. Akaniuliza, "Watu wenye nyumba ya tofali wanawezaje kwenda kulala juu ya miti miezi sita?" Nikamwambia wasipolala huko, mpunga unalala na viboko na nguruwe. Akasema anaelewa, lakini sheria inasema linakaliwa, haisemi linakaliwa kiangazi.

Amekubali kurudi mara moja tu, siku atakayopata gari. Hatatoa taarifa. Babu, nakuomba. Nyumba isikose mtu hata siku moja. Akikuta kufuli tena, jina letu linafutwa, na Juni wanapiga mnada.

Violeth

*

Mofu, juu ya dungu
27 Desemba 1997

Mke mdogo mwenye machozi,

Futa uso. Hapa Mofu barua yako imesomwa kwenye pombe, na watu wamecheka mpaka Polikarpo ameanguka kwenye ngazi ya dungu la kulindia mpunga. Ifakara imetelekezwa! Yaani mkuu wa mtaa katelekezwa, mlinzi wa kanisa katelekezwa, na huyo mbwa uliyemtaja ni wa Nikodemu mchinjaji, yeye ndiye alikuwa kaimu wetu wote. Mwambie Bwana Elineema kwamba huko kwao, ng'ombe wakienda malishoni, wasiandike zizi limetelekezwa.

Basi tumekaa kikao, mimi na mke mwenzako, yeye mwenyekiti na mimi mjumbe. Nikasema narudi mimi. Akasema, "Wewe ukirudi, mimi na mguu huu nitakimbizana na viboko?" Kweli. Mpunga mwaka huu uko majini mpaka kiunoni, kutembea ni kuogelea. Kwa hiyo amerudi yeye. Nimempakia kwenye baiskeli, nikaisukuma, na palipozidi maji Polikarpo akatupitisha kwa mtumbwi. Njia nzima anaimba nyimbo za Bikira Maria kwa sauti ya kunisuta.

Yuko Uhindini peke yake, anaatamia nyumba kama kuku. Fulgensi anapita kumwangalia akitoka kupiga kengele. Mtaani hamna mtu mwingine.

Hapa ndege kwelea kwelea wanatumalizia mpunga. Nawatupia matope na matusi, matusi yanafika mbali zaidi.

Pantaleo

*

Ifakara
22 Januari 1998

Kwa mjukuu wangu mpenzi Violeth,

Anayeandika ni Fulgensi katekista, lakini maneno ni yangu mimi bibi yako Balbina. Nimemwambia asiyanyooshe.

Mimi nipo. Nafagia baraza asubuhi na jioni ili huyo bwana akija aone ufagio una kazi. Nimeweka na maua kwenye kopo. Mtaa kimya mpaka nasikia chokaa ikikauka, lakini haikauki, mvua haiachi. Naongea na redio. Inajibu mambo yake.

Mjukuu wangu, ukuta wa nyuma una ufa. Mwanzo nilidhani ni unywele. Sasa kidole kinaingia. Babu yako amepita juzi, ameuona, amekwenda kununua mfuko wa saruji sokoni, anasema atakuja kuufunga ufa huo. Mimi nimemwambia ngoja kwanza tumuulize mtoto, ndiye anayejua sheria zao. Akanuna. Unamjua akinuna.

Sasa nauliza, tupake au tusipake? Ukisema tusipake, hatupaki. Usije ukajisumbua moyo kwa ajili yangu, nalala salama, na mguu umepungua kidogo.

Fulgensi anasema nisisahau kukuuliza kama unakwenda misa. Mimi sikuulizi, nataka tu ujue ameniambia nikuulize.

Bibi yako,
Balbina

*

Dar es Salaam
4 Februari 1998

Bibi, shikamoo. Babu, shikamoo, na usinune.

Barua yenu imenifikia leo, najibu leo hii hii nipate treni ya kesho.

Msipake saruji. Nawaomba kwa jina la mama. Bwana Elineema ameniambia kwa mdomo wake gari limepatikana, atakuja kabla Februari haijaisha, na kitu cha kwanza anachotazama ni saruji, anakwangua na funguo zake. Jengo la mwenzetu mmoja wa Kilosa limekataliwa kwa kiraka cha saruji kisichozidi sahani. Tumefika hapa tulipofika, tusidondoke mlangoni.

Babu, weka miti uegemeze ukuta kwa nje. Bibi, hamia chumba cha mbele, cha nyuma usilale kabisa. Ni wiki tatu tu, labda hata mbili. Akishaandika, piga saruji hata kwenye paa ukitaka, nami nitakuja Pasaka tuipake wote.

Nimenunua kitenge cha Bibi. Cha Babu ni kofia.

Violeth wenu

*

Ifakara
20 Februari 1998

Ndugu yangu Polikarpo,

Mpunga uache. Usihangaike kunifukuzia ndege. Waambie viboko waingie, wale, wakaribie.

Uliniona Jumapili ile nilivyoondoka Fulgensi aliponifuata kwa mtumbwi. Sikukuaga. Njia nzima hakusema kitu zaidi ya "Mama ameumia," na mimi nikajua, kwa sababu katekista akiogopa kusema amekufa ndipo husema ameumia.

Nitakueleza mara moja, halafu tusiongee tena.

Nilipokwenda Ifakara mara ya mwisho nilikuwa nimeshakoroga saruji. Iko kwenye ubao, mwiko mkononi. Fulgensi akaingia na barua ya mtoto, bado kavu. Akaisoma. Mtoto anasema msipake. Mimi nikasema karatasi haikai chini ya ukuta, nikainua mwiko. Balbina akanishika mkono. Unamjua, hakuwa mtu wa kunishika mkono. Akasema, "Mtoto amewapigia magoti wakubwa wake kwa ajili yetu. Unataka kumwaibisha?" Akauchukua mwiko, akaenda kuuosha. Saruji ikakaukia kwenye ubao. Nikaweka miti miwili ya kuegemeza, nikarudi kwako kulinda mpunga.

Ardhi ililowa, miti ikazama kama sindano kwenye siagi. Alikuwa analala chumba cha mbele kama alivyoambiwa. Lakini bati la nyuma linavuja, na yeye hawezi kusikia maji yanadondokea sakafuni akatulia. Asubuhi, Fulgensi akipiga kengele ya kwanza, alikwenda kuweka beseni. Ukuta ukaingia ndani.

Waliomtoa ni Fulgensi na yule mlinzi wa kanisa. Beseni halikuvunjika.

Sasa sikiliza. Nimeapa pale kaburini, watu wakisikia, nitaibomoa nyumba ile yote, tofali kwa tofali, kwa nyundo ya baba. Na nitaibomoa. Lakini kuna jambo lingine kubwa kuliko hilo. Mtoto asijue kamwe kwamba barua yake ilitangulia. Ukimwona, au akikuandikia, barua ilifika tumeshazika. Fulgensi amekubali kusema hivyo. Alihangaika, akanikumbusha amri ya nane. Nikamwambia Mungu atamvumilia, ni mteja wake wa siku nyingi.

Pantaleo

*

Ifakara
21 Februari 1998

Mjukuu wangu Violeth,

Naandika kwa huzuni kukujulisha kwamba bibi yako Balbina amefariki dunia siku ya Jumapili. Alipata homa kali. Tumemzika salama Jumatatu. Padre alisema maneno mazuri. Usihangaike kuja, reli imekatika, maji yamechukua tuta, na barabara ya Kidatu magari yamelala.

Mjukuu wangu, kaza moyo. Kazi ya Mungu haina makosa.

Ni mimi babu yako,
Pantaleo

*

Dar es Salaam
15 Machi 1998

Babu, shikamoo.

Barua yako nimeipata baada ya wiki mbili. Nimeisoma mara nyingi sana na sikuweza kukuona ndani yake. Si mwandiko, mwandiko ni wako. Lakini hakuna meno, hakuna tusi, umemsifu Padre, na umeniita mjukuu. Kwa hiyo nikajua kuna kitu kimefichwa, nikasubiri.

Bwana Elineema amerudi. Alikuja kwenu na Landrova ya ofisi, mimi hawakunichukua. Hakukukuta. Alikuta ukuta wa nyuma uko chini, na majirani waliorudi kwa ajili ya msiba wakamweleza kilichotokea. Aliponiambia alivua miwani. Babu, homa?

Nauliza jambo moja, unijibu kama mume, si kama babu. Barua yangu ya kukataza saruji ilifika lini? Kama ilifika kabla, basi Bibi nimemuua mimi, kwa taipureta, nikiwa nimekaa. Na kama ni hivyo siji tena Ifakara maisha yangu yote. Sitaweza kukanyaga hata stesheni.

Jambo la pili. Bwana Elineema ameandika kwamba mwenye nyumba alitimiza masharti yote. Alikwangua kila mahali, hakukuta saruji. Nyumba ilikuwa na mtu. Msamaha wa kodi umepita, fomu ninaiambatisha, inataka sahihi yako tu, na ahadi kwamba utauinua ukuta kwa chokaa na utakaa humo. Nilitaka kuichana. Lakini amenisimulia pia kwamba uliapa kaburini kuibomoa nyumba nzima. Mbona uibomoe, Babu, kama ni mvua tu iliyouangusha ukuta? Mtu hakasirikii tofali kwa sababu ya mvua. Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Nimemwandikia na Babu Polikarpo.

Violeth

*

Mofu
30 Machi 1998

Ndugu Pantaleo,

Mtoto ameniandikia. Nimemjibu kama ulivyotaka, kwamba barua tuliiona baada ya kuzika. Nimewahi kudanganya mamwinyi, wazungu na wake zangu wawili, lakini hii imenitoa jasho.

Mpunga wako sikuuacha. Uliobaki nimeuvuna mimi na mke wangu Bibiana. Si mwingi.

Njoo ukae huku. Dungu lako bado limesimama, na kiangazi tutajenga kibanda karibu na changu. Nyumba ile waachie wapige mnada, au ibomoe kama ulivyoapa, nami nitakuja na nyundo yangu. Hakuna atakayekulaumu. Fulgensi ananiambia hutaki hata kupita Uhindini, unazunguka kwa njia ya sokoni ili usiione. Mtu asiyeweza kuitazama nyumba ataishije ndani yake?

Njoo. Samaki wa kitoga wamejaa mtoni, hawana wa kuwala.

Polikarpo

*

Ifakara, mtaa wa Uhindini, chumba cha mbele
7 Aprili 1998

Mke mdogo,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu ni ya akiba. Hivi kweli unamtegemea mumeo aandike vichekesho akiwa na matanga sebuleni? Barua ile niliiandika Padre amekaa pembeni, na Padre akikaa pembeni hata kalamu inapiga magoti. Homa niliitaja kwa sababu sikujua namna ya kukuambia ukuta. Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine tuhukumiane ukifika.

Umeniuliza, nakujibu kama mume. Barua yako ilifika siku ya kuanua tanga. Fulgensi aliileta, bahasha imelowa, wino umelia. Kwa sababu ya mafuriko ilikuwa imelala posta. Nikamwambia iweke tu, tutaisoma watu wakishaondoka. Muulize, ni katekista, hajui kudanganya. Muulize Polikarpo.

Unataka kujua ilikuwaje hatukupaka saruji? Nitakwambia, japo najivua nguo. Mfuko ulikuwepo. Bibi yako alisema paka. Nikasema kesho. Kesho yake Polikarpo akanitumia salamu kwamba pombe imeiva, nikaenda Mofu, nikakaa. Ndivyo ilivyokuwa. Uvivu wangu na kibuyu cha Polikarpo. Wewe taipureta yako haina habari na jambo hili, iache ipumzike. Ukitafuta mtu wa kulaumu, jina langu liko kwenye hiyo fomu, nimelisaini kwa herufi kubwa ulisome bila miwani.

Ndiyo, nimeisaini. Ipo ndani ya bahasha hii.

Na habari ya kiapo, mbona unawasikiliza watu wa msibani! Mtu aliyezika mke wake husema mengi. Siku ileile niliapa pia kuacha pombe, na hilo Bwana Elineema hakukuletea. Nyumba nibomoe ya nini? Ina kosa gani? Nimehamia tokea juzi. Nalala kitanda kilekile, upande wangu uleule. Msimu haujaisha, mtaa mzima uko mashambani, niko mimi na mbwa wa Nikodemu. Usiku nasikia bati la nyuma likidondosha maji. Nimeweka beseni.

Kwa hiyo mwambie bwana huyo aje siku yoyote anayotaka, hata bila taarifa. Na wewe njoo Pasaka kama ulivyoahidi. Reli imefunguka. Shuka stesheni, pita sokoni, kata kushoto, utaniona barazani. Usipokuja nitajua hukuniamini, na mwanaume wa umri wangu hawezi kuachwa na wake wawili mwaka mmoja.

Ukuta nimeanza kuuinua peke yangu. Zile tofali laini nimezitupa, nzima nimezisafisha moja moja. Chokaa uliyotuma ilikuwa imebaki kidogo, niliimalizia kwenye kaburi la bibi yako. Tuma nyingine. Ukuta haujanifika hata magotini.

Mumeo,
Pantaleo